Nyumba Aliyopimiwa Bi Maren

Tage Mørkholt, msanifu majengo aliyesifiwa mpaka Marekani, alizaliwa Nørrevig, mji mdogo wa ghubani huko Denmark, na Nørrevig haijawahi kulijengea jambo hilo mnara. Baba yake, mzee Jeppe, alikuwa mchonga viatu vya mbao. Viatu vyake vilikuwa vizito na vya sura mbaya, lakini ukivivaa ulisahau kwamba umevivaa. Mwanawe akaja kubuni viti vyepesi vya sura nzuri, na hakuna aliyewahi kukalia kimojawapo akasahau. Wapo waliosema mtoto kamzidi baba. Thyra, dada yake, hakuwa miongoni mwao.

Thyra alikuwa kitindamimba. Tangu alipopata kipaimara aliuza mikate katika duka la mwokaji karibu na kanisa, na humo ndimo alimozeekea, bila mume, ulimi ukizidi kunoleka mwaka hadi mwaka. Kila habari ya kaka yake ilimfikia akiwa nyuma ya meza ya duka, na hakuna hata moja iliyomshangaza. Alikwisha kumjua zamani. Tage akiwa bado mtoto wa kaptula aliziangua sahani za buluu za mama yao zilizotundikwa ukutani, akazirundika chini ya kitanda.

"Kwa nini, mwanangu?" Bi Maren, mama yao, alimwuliza.

"Zinapiga kelele."

Bi Maren alicheka mpaka akafuta machozi, akazirudisha ukutani. Kesho yake Tage akaziangua tena. Mama aliona hiyo ni akili. Thyra aliona ni ufidhuli, na maishani mwake mwote hakupata sababu ya kubadili mawazo.

Basi kijana akaenda Kopenhagen kusomea majengo. Aliporudi likizo alikuwa na miwani ya duara, kiko kisichowashwa, na usemi wa watu wa mji mkuu. Ule wa kwetu aliuacha kwenye treni. Mwaka 1930 akavuka kwenda Stockholm kwenye maonyesho ya nyumba za kisasa, akarudi kama mtu aliyetokewa na malaika. Tangu hapo paa la mteremko likawa dhambi, pazia likawa dhambi, na mguu wa kiti uliochongwa ua ukawa dhambi isiyo na toba. Mzee Jeppe alimsikiliza jioni nzima, kisha akamwuliza kama huko Stockholm watu bado wanaruhusiwa kula.

Halmashauri yetu ilikosa nini hata ikampa shule aijenge, hilo mpaka leo halijulikani. Tage aliiwekea paa bapa kama meza, katika mji ambao mvua inanyesha tangu Septemba na hakuna mtu anayeitaja. Kabla ya Krismasi watoto walikuwa wanasoma na mabuti ya mpira miguuni, na mwalimu wa hesabu alipanga ndoo madarasani kwa kufuata matone. Tage aliitwa. Alikuja na koti lake refu, akatazama juu kwa muda mrefu.

"Paa halina kosa," alisema. "Mvua ya huku inanyesha upande."

"Haya, tutaiandikia barua," mwenyekiti wa halmashauri alimjibu.

Baada ya hapo kikaja kile kiti. Kilikuwa na miguu mitatu, kwa sababu mguu wa nne, alisema Tage, ni woga. Ukikaa umenyooka kama askari, kilikustahimili. Ukiinama kuchukua kipande cha keki, kilikumwaga. Siku ya kufungua maktaba mwenyekiti wetu aliinama kuchukua keki, na akaenda chini na kikombe chake cha kahawa mbele ya mke wa mchungaji. Tage hakumsaidia hata kuinuka. "Anayejua kukaa haanguki," alisema. Majarida ya nje yalikipiga picha kiti hicho, daima kikiwa kitupu, na wageni walikinunua kwa wingi. Wahenga walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tage naye alisifiwa, lakini maji hakuwa na haja ya kuyatia, maana tembo lenyewe halikuwamo tangu mwanzo.

Na yeye mwenyewe aliishi wapi? Thyra alikwenda kumtembelea mara moja tu, akajionea. Tage aliishi msituni, kaskazini ya Kopenhagen, katika nyumba ya kale ya mlinzi wa misitu, yenye paa nene la matete, dari iliyopinda na madirisha madogo yenye mapazia. Alilalia godoro la manyoya ya bata. Jioni alizama ndani ya kiti kikubwa cha maua maua alichorithi kwa shangazi yao, akavua viatu.

"Na haya mapazia, kaka?" Thyra alimwuliza. "Hayapigi kelele?"

"Hapa ni pa kupumzikia, Thyra. Hapa si usanifu."

"Kumbe. Basi usanifu ni wa kuwapa wengine."

Tage alijitia hamnazo, akajaza kiko. Nyani haoni kundule. Thyra aliondoka na treni ya asubuhi, na tangu siku hiyo hakumwogopa tena kaka yake hata kidogo.

Mzee Jeppe alipofariki, alitolewa nyumbani kama watu wote wa Nørrevig wanavyotolewa. Matawi ya msonobari yalitandazwa barabarani mbele ya lango. Bendera ilishushwa nusu mlingoti. Majirani walijaa sebuleni wakamwimbia wimbo wa kumtoa, kisha wanaume wa nyumba za jirani wakamwinua mabegani, amelala, miguu mbele, wakapita naye mlango mkubwa mpaka langoni bila kumwinamisha. Bi Maren alisimama kizingitini akatazama. Usiku ule alimwambia Thyra kwamba hiyo ndiyo sehemu pekee ya kifo isiyomtisha.

Haukupita muda Tage akaja na michoro. Alikitaka kiwanja. Alitaka kuibomoa nyumba ya wazazi, iliyokuwa imekaa pale ghuba inapopinda, ajenge mahali pake nyumba ya mfano ya mzee wa kisasa, na ndani ya nyumba ya mfano ilitakiwa akae mzee wa mfano. Jarida moja la nje lilikwisha kuahidi kuja. Waliketi watatu mezani, kahawa, keki za aina saba juu ya kitambaa cheupe, na Bi Maren alikuwa anamtazama mwanawe kwa yale macho ya mama ambayo Thyra hakuwahi kutazamwa nayo.

"Mimi sina neno, baba," Bi Maren alisema. "Bomoa ukitaka. Ila jambo moja. Siku yangu ikifika, nitolewe humo kama alivyotolewa baba yako. Nimelala, na majirani wananibeba, na wananiimbia. Sitaki kingine."

"Mama, nyumba hii itapimwa kwa ajili yako. Kila kitu."

"Niahidi."

"Nakuahidi," alisema Tage, na akampa mkono juu ya zile keki. Thyra alikuwa shahidi. Ahadi hiyo akaiweka moyoni, maana alimjua mama yake: mwanamke ambaye hajaomba kitu tangu alipoolewa, na sasa ameomba kimoja.

Kumpima, Tage alimpima kweli. Alimpima Bi Maren amesimama, ameketi, ameinama, ameunyosha mkono kufikia kikombe cha juu. Alimpima kutoka goti mpaka sakafu. Mama alicheka kama msichana.

"Hata baba yako hakuwahi kunishika hivi," alisema.

Nyumba ikasimama. Ilikuwa sanduku refu la zege lenye paa bapa. La shule halikumfundisha kitu. Ilikuwa na mlango mmoja tu, kwa kuwa, alisema Tage, nyumba yenye milango miwili haijui inachotaka. Ukiingia ulijikuta katika ujia mwembamba wenye giza, unakata kona kali, unakata kona ya pili, kisha unatupwa ghafla kwenye mwanga: ukuta mzima wa kioo kimoja, unaotazama ghuba. Kioo hicho hakikufunguka. Hewa iliingia kwa vijitundu vya pembeni. Kitanda, kabati na meza vilijengewa humo humo, vikashikamana na kuta. Watu wa jarida waliingia wakapiga kelele za furaha kwenye kona ya pili, wote, mmoja mmoja.

Chumba cha Thyra hakikuwamo, kingeharibu uwiano. Alihamia juu ya duka la mwokaji. Mlingoti wa bendera ulikatwa, ulikuwa unaukata mstari wa paa. Pazia, mwiko. Vyungu vya maua dirishani, mwiko. Bi Maren alikaa mbele ya kioo mchana kutwa, na kila aliyepita njia ya ghuba akitembea na mbwa alimwona anavyotafuna. Maua yake mekundu aliyaficha ndani ya hodhi la kuogea, akawa anaoga kwa beseni.

"Njoo ukae nami, mama," Thyra alimsihi kila asubuhi alipomletea mikate. "Kwangu kuna pazia."

"Tage atasononeka."

"Mwache asononeke. Atachora."

"Usiseme hivyo. Ana moyo, kaka yako. Ahadi yake ipo."

Bi Maren alikufa Februari, katika kile kitanda kilichoshikamana na ukuta, asubuhi, mikate ikiwa bado ya moto mkononi mwa Thyra. Thyra alimfumba macho, akaketi naye mpaka kahawa ikapoa. Kisha akaenda kumwita Evald, fundi wa majeneza.

Evald alikuja siku iliyofuata na jeneza na mtu wa kumsaidia. Walifungua mlango, wakaingia kwenye ujia, na Thyra akasikia mbao zikigonga zege. Wakarudi nyuma. Wakajaribu tena. Halafu likaja jeneza limesimama wima, Evald amelikumbatia kama mtu anayecheza na bibi harusi, wakapita kona ya kwanza, wakapita ya pili, wakalilaza mbele ya kioo. Evald alivua kofia. Hakumtazama Thyra.

"Likiwa tupu, linapita," alisema.

Thyra aliketi chini palepale sakafuni. Aliutazama ule ujia, na hasira ikampanda. Kaka yake alimpima mama kila mahali. Kufa hakukumpitia kichwani.

Alikwenda kwa Laust, jirani, fundi wa vioo, aliyekitia kioo kile na ambaye, kwa kuwa nyumba yake ndiyo ya karibu, alikuwa pia kiongozi wa wabebaji. Laust alikuwa anakula mkate mweusi na samaki wa siki. Alimsikiliza akieleza kwamba mama hawezi kutoka amelala ila kwa upande wa kioo, akaacha kutafuna.

"Kukitoa kioo nitakitoa," alisema. "Nipe asubuhi moja. Kikipona, Mungu mkubwa. Kisipopona, kimekufa kwa kazi ya heshima. Lakini Thyra, nyumba ni ya Tage. Nataka neno lake, na nataka alitamke kwa mdomo wake."

Tage alifika asubuhi ya mazishi, na gari lake la kijivu, na wenzake wawili wa ofisini waliovaa masweta meusi ya shingo ndefu. Alimtazama mama yake jenezani, na kwa haki ya Mungu, midomo ilimtetemeka. Kisha Laust akaeleza. Midomo ikatulia.

"Haiwezekani," alisema Tage. "Kioo kile kilitengenezwa Ubelgiji kwa oda maalumu. Hawatengenezi tena cha ukubwa ule."

"Nitakitoa polepole," alisema Laust.

"Kitapasuka."

"Huenda."

"Laust, waamuzi wa tuzo wanakuja Machi. Kutoka Milano. Nyumba hii ndiyo wanayokuja kuiona, hii."

"Ulimwahidi," alisema Thyra.

"Nilimwahidi atatoka kwa heshima. Na atatoka. Heshima ni jambo la moyoni, Thyra, si la pembe na nyuzi. Ni kitambo kidogo tu pale kwenye kona. Wala hatajua."

"Mimi nitajua."

"Wewe siku zote ulikuwa na kijicho."

"Kijicho cha nini, Tage? Cha kiti cha miguu mitatu?" Thyra alimsogelea. Alikuwa mfupi kwake sana. "Sikiliza. Mimi sijawahi kukuomba kitu. Ulinitoa nyumbani sikusema. Ulimkalisha mama dirishani kama samaki wa dukani nikanyamaza. Leo nakuomba. Sema neno moja kwa Laust. Sema 'toa'. Basi."

Nje watu walikwisha kufika. Kwa kuwa sebule ya kisasa haikuwa na mahali pa kusimama watu zaidi ya kumi, majirani walijipanga bustanini kwenye baridi, upande wa pili wa kioo, wameshika vitabu vya nyimbo, pua zimekaribia kioo, wanatazama ndani. Walimwona Tage akitazama kioo. Walimwona akitazama jeneza. Halafu walimwona akitazama kioo tena, na huo mtazamo wa pili ulikuwa mrefu.

"Siwezi," alisema.

Laust alivaa kofia yake ndani ya nyumba ya maiti, jambo ambalo huku hakuna anayelifanya. "Basi mimi na wenzangu tutangoja langoni," alisema. "Tulikuja kumbeba Maren. Hatukuja kumsimamisha kama ngazi."

Wakatoka wote wanne, yeye na wabebaji wenzake watatu. Mchungaji, mzee mpole asiyependa ugomvi, alikohoa na kuuliza kama aanze. Tage aliwaita wale wawili wenye masweta. Evald alikipigilia kifuniko, macho chini. Mchungaji akaanzisha wimbo, na watu wa bustanini wakaupokea, sauti zao zikifika ndani hafifu kupitia kioo, pumzi zao zikikitia ukungu.

Wale wawili walilisukuma jeneza kwenye kona. Walijaribu kulipindisha, halikupita. Tage aliwaelekeza kwa vidole, kama anavyowaelekeza watu wa kupiga picha. Walilisimamisha.

Kishindo kikasikika ndani ya mbao. Hakikuwa kikubwa. Ulikuwa mwili wa mama mzee unateremka mpaka nyayo zikagota, kisha kitu kingine kidogo, pengine kichwa, kikagonga ubavu. Kupitia vile vijitundu vya hewa kila mtu bustanini alisikia. Wimbo ulikatika. Mchungaji aliendelea peke yake mstari mmoja, naye akanyamaza. Thyra hakulia. Aliweka kiganja kwenye ule ubao, akatembea nao hivyo, kona ya pili, mlangoni, mpaka nje.

Nje Laust na wenzake walilipokea kutoka kwa wale wageni, wakalilaza, wakaliinua mabegani taratibu sana, kama watu wanaomwomba radhi aliyemo. Wakapita juu ya matawi ya msonobari kuelekea kanisani.

Tage alikimbilia langoni. Hilo alilikumbuka, kwamba mwana wa marehemu husimama langoni kushikana mikono na waombolezaji wanapotoka kufuata jeneza. Alivua glavu, akaunyosha mkono. Mwenyekiti wa halmashauri akapita. Mwalimu wa hesabu akapita. Mke wa mwokaji, aliyemlea Tage mgongoni wakati Bi Maren ana homa ya mapafu, alimtazama usoni, akauingiza mkono wake mfukoni, akapita. Nørrevig ni mji mdogo, na huku watu waliogombania mpaka wa shamba miaka ishirini hupeana mkono langoni mwa maiti. Siku ile mji mzima ulipita mbele ya mkono wa Tage Mørkholt, na mkono huo ukabaki hewani, unakuwa mwekundu kwa baridi.

"Hawajawahi kunielewa," alimwambia Thyra, aliyekuwa wa mwisho. "Hawa hawajawahi kuelewa majengo."

Thyra alisimama. Kwa mara ya kwanza siku ile alimwangalia kaka yake vizuri: miwani, koti refu, mkono. Hata kumchukia hakumchukia tena. Chuki ni kitu unachompa mtu.

"Nenda kafute kioo chako, Tage," alimwambia. "Watu wamekipumulia."

Akapita, akaongeza hatua kuwafuata wabebaji. Alipofika penye kona ya barabara alitupa jicho nyuma. Jeneza la mama yake lilikuwa bado linaonekana kutoka langoni, likishuka kuelekea kanisani, na Tage Mørkholt, Mungu amsamehe akiweza, alikuwa ameligeuzia mgongo, shingo ameinyosha, anakikagua kioo.